Matengenezo Yaliyopitiliza

Kompyuta ya Bi Tarizi ilipona Jumanne asubuhi, kabla chai haijapoa. Msomaji alishike hilo vizuri, maana kwa yaliyofuata mtu anaweza kuapa kwamba haikupona kabisa.

Ilikuwa mkweche wa mtumba, ilishazeekea kwenye ofisi za watu mpaka weupe wake ukageuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Kuamka kwake kulikuwa kwa kikongwe: ikohoe, ijinyooshe, inung'unike, iulize nani kaniamsha. Bi Tarizi hakuwa na neno nayo. Akishaiwasha anakwenda kufagia uani, akirudi anaikuta macho. Yeye aliitaka kwa kazi moja tu, kuipelekea mashine yake ya kutarizi michoro, nayo mashine ishone kwa uzi kile ilichoambiwa.

Jumanne hiyo ikagoma. Ililia pii, pii, pii, kioo kikabaki cheusi. Na pale chumbani kulikuwa na kapu la makoti meupe ya wauguzi wanaohitimu, yote yanangoja nembo kifuani: taa, na nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo. Matroni wa chuo alishatamka kwamba Ijumaa jioni anakuja mwenyewe, na asipozikuta nembo, makoti yanahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, pamoja na kazi zote za chuo. Na ni kazi za chuo zilizokuwa zikiweka sufuria jikoni tangu mume wake alipostaafu.

Mume mwenyewe ndiye Injinia. Cheo hicho hakupewa na shule. Alijipa akiwa fundi wa pampu za maji, na majirani wakaona kumwita hivyo kunachosha kidogo kuliko kumbishia. Kwa maneno yake mwenyewe, kuna pampu moja ilimsikia akikohoa getini ikaanza kusukuma maji kwa hofu.

Basi aliifungua kompyuta, akaipuliza, likatoka vumbi la kupandia mahindi. Akachomoa vijiti vya ramu, ambavyo ndiyo kumbukumbu ya mashine, akavisugua meno kwa ufutio wa shule, akavirudisha. Kompyuta ikatoa pii moja tu. Ikakohoa, ikaamka.

"Mume wangu, Mungu akupe maisha," alisema Bi Tarizi, mkono ushafika kwenye koti la kwanza.

"Bado," alisema Injinia.

"Bado nini? Si imewaka?"

"Imewaka, lakini umeona inavyowaka? Kama inakwenda msibani. Niachie mpaka mchana niiongezee nguvu kidogo."

"Mimi nimelalamika? Nguvu ya kufanya nini? Inakimbia mbio na nani?"

Lakini mtu mwenye bisibisi mkononi hana masikio. Injinia alishafika kwa Mwarobaini, muuza vipuri vya mtumba pale kona, aliyejibatiza jina hilo kwa kudai anatibu maradhi arobaini ya umeme. Huko akapata vijiti vya ramu vikubwa zaidi. Vikakataa kuingia kwenye ubao wa zamani. Basi ikabidi ubao wenyewe ubadilishwe, ule ubao mkubwa wa ndani ambao mafundi huuita mazabodi. Mazabodi mpya ikaitazama pawasaplai ya zamani ikakataa kunywa umeme wake. Pawasaplai mpya nayo ikawa ndefu, haiketi ndani ya boksi. Ikatafutwa boksi nyingine. Mchana wa Jumanne ulikwenda, ukaja wa Jumatano, na kila Bi Tarizi alipochungulia alimkuta mumewe katikati ya skurubu kama kuku katikati ya mtama.

"Baba watoto, makoti."

"Imebaki kidogo."

"Hicho kidogo ndicho ulichokianza jana. Kinazaliana?"

Alhamisi asubuhi Injinia alimwita kwa sauti ya mtu aliyejenga daraja. Kompyuta ilisimama mezani, nyeusi, inang'aa, kimya. Akabonyeza. Iliwaka kabla kidole hakijarudi.

"Sema sasa," alisema Injinia.

Bi Tarizi alichukua kebo ya mashine yake ya kutarizi, akapita nyuma ya kompyuta, akainama. Akainuka. Akainama tena.

"Tundu liko wapi?"

"Tundu gani?"

"La kebo yangu. Lile pana, la vishimo vingi."

Injinia akatazama nyuma, akatazama ubavuni, akaipindua akatazama chini, kama vile matundu huhama. "Ah. Matundu yale yamepitwa na wakati, mama watoto. Siku hizi hawayaweki."

"Na mashine yangu?"

"Mashine yako nayo," Injinia alisema taratibu, macho yakianza kumetameta, "tukiiongezea kidogo..."

"Iguse uone! Ile mazabodi ya zamani iko wapi?"

"Nilibadilishana na Mwarobaini. Pamoja na diski yake."

Bi Tarizi alikaa juu ya kapu la makoti. Miaka yao ishirini na tisa ya ndoa ilipita mbele yake, na katika kila mwaka aliona kitu kizima kilichofunguliwa.

Kisha akajitanda kanga akaenda kona. Mwarobaini alishaupachika ule ubao, na diski yake, kwenye boksi nyingine, anapigia muziki wa kuita wateja.

"Shemeji, kubadilishana hakuna kurudi nyuma," alisema Mwarobaini kabla hajaulizwa.

"Nani kakwambia narudisha? Naomba pa kukaa tu, hapo pembeni."

"Pembeni tu? Karibu, shemeji."

Mchana huo Injinia alisukuma mkokoteni wenye mashine ya kutarizi barabara nzima, na kila aliyemsalimu alijibiwa kwa kikohozi. Kebo ikachomekwa. Tundu lilikuwepo, na ndani ya diski nyoka wake wote walikuwepo. Lakini kompyuta haikuweza muziki na nyoka kwa pamoja, hivyo muziki ukazimwa. Mashine ikaanza ta-ta-ta-ta kama mvua ya mawe juu ya bati. Nyuzi zikapeperuka zikatua kwenye vipuri. Wanawake wakasikia, wakaja kutazama, mmoja na foronya, mwingine na gauni la binti yake, wakaketi juu ya televisheni za kuuza. Wanaume waliotaka chaja walichungulia, wakaona umbea umekolea, wakapita zao.

"Shemeji, utamaliza lini?" Mwarobaini aliuliza Ijumaa asubuhi, akitoa uzi mdomoni.

"Unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Nauliza tu kama jirani."

Jua lilikuwa limelala upande Matroni alipofika. Alikwenda kwanza nyumbani, na Injinia, aliyekuwa akicheza karata na kompyuta na kufungwa kwa kasi ya ajabu, akamwelekeza kona. Bi Tarizi alikuwa anakata uzi wa koti la mwisho. Matroni alivaa miwani, akampapasa nyoka kwa kidole, akageuza koti akakagua upande wa ndani, ambako mafundi wengi huficha aibu zao.

"Safi," alisema. "Wiki ijayo nakuletea shuka za bweni zima."

Bi Tarizi alishusha pumzi aliyoishikilia tangu Jumanne. Mwarobaini yeye alishika kichwa.

"Shemeji, hizo shuka utazitarizia wapi?"

"Kompyuta iko wapi?"

"Hapa."

"Basi hapa hapa."

Mwarobaini hakungoja mkokoteni. Aliing'oa kompyuta akaibeba kichwani mwenyewe mpaka kwa Bi Tarizi, akaiweka mezani, akaondoka na ile nyeusi bila kuomba nyongeza wala maji ya kunywa.

Injinia aliitazama. Ikakohoa, ikajinyoosha.

"Ila hiyo feni yake..." alianza.

Bi Tarizi alikuwa ameshatandika turubai chini ya cherehani ya kawaida. Alilishona likaizunguka boksi yote, mshono juu ya mshono, uzi wa viatu, bila zipu wala kifungo. Nyuma aliacha nafasi ya kebo, na usawa wa feni akaweka kipande cha chandarua ipate kupumua. Injinia aliizunguka mara kadhaa kama paka aliyefungiwa kabati la samaki, akapapasa kona zote, akatafuta pa kuingilia.

"Mama watoto," alisema mwishowe, kwa unyonge, "sasa ikiharibika?"

"Utaniomba mkasi," alisema Bi Tarizi, "na mimi nitafikiria."