Kitabu cha Thelathini na Moja

Lisemwalo lipo, walisema wa kale. Kibiti mambo yamekaa kinyume: lililopo halisemwi, na siku likisemwa, mtu huitwa ofisini.

Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa mbili asubuhi, Mwanawetu alikuwa akipanga vitabu vipya mbele ya duka lake, hatua chache kutoka stendi. Duka lilikuwa la chumba kimoja. Nyuma palikuwa na madaftari, kalamu na vitabu vya shule, ambavyo ndivyo vilivyomlisha. Mbele palikuwa na meza ambayo haikumlisha mtu, nayo ndiyo aliyoipenda. Kila mwezi aliweka juu yake vitabu vitatu au vinne alivyovisoma mwenyewe mpaka mwisho, na chini ya kila kimoja akabandika kadi yenye mwandiko wake, akieleza kwa nini mtu akisome. Kadi ya kitabu cha ufugaji ilisema: "Nimekisoma chote. Kuku wangu wawili wamekufa, lakini kosa si la mwandishi." Kadi ya riwaya ya mapenzi ilisema: "Anzia sura ya nne. Tatu za mwanzo mwandishi alikuwa bado anatafuta miwani." Abiria waliosubiri mabasi walizisoma kadi, wakacheka, wakaenda kununua maji duka la jirani. Mmoja mmoja alinunua kitabu.

Mwezi huo vitabu vipya vilikuwa vinne. Vitatu vilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Cha nne kilitoka ndani ya sanduku la hitima.

Sanduku hilo lilikuwa la marehemu baba yake. Ndani mlikuwa na juzuu thelathini, Qur'ani nzima iliyogawanywa vipande, ili watu wakikutana kumsomea maiti kila mmoja achukue chake na kisomo kiishe kabla pilau haijapoa. Mwanawetu aliliazimisha bure kwa kila mfiwa, kutoka barabarani mpaka visiwani. Likirudi alihesabu, kwa kuwa wasomaji wa hitima wana tabia ya kuondoka na juzuu kwenye mfuko wa kanzu. Kwa miaka mingi zilirudi thelathini, au ishirini na tisa. Tangu mwaka jana, mara mojamoja, sanduku lilirudi na vitabu thelathini na kimoja.

Hicho cha ziada hakikuwa juzuu. Kilikuwa kitabu chembamba cha Kiswahili, jalada la kijivu, na juu yake jina la marehemu aliyesomewa. Sheikh wa msikiti wa sokoni alikishika, akakifungua katikati, akasema si Qur'ani wala hakijidai kuwa Qur'ani, kwa hiyo yeye hana neno nacho.

Cha kwanza kiliandikwa na mzee Kondo wa Ngarambe, aliyeuawa na tembo shambani kwake. Mwanawetu alikisoma siku moja, akakiandikia kadi: "Mwandishi alikuwa mkulima wa ufuta. Kurasa hamsini na nane, tembo wawili. Wanaowapenda wanyama kwa mbali wakisome kwanza wao." Asubuhi iliyofuata nakala moja ilikuwa imekuwa tano. Alizipanga vizuri zisifunike vitabu vingine. Mwalimu wa sekondari alinunua moja, akarudi kulalamika kwamba mzee hajui kutumia nukta.

Cha pili kiliandikwa na Abdulrazaq, fundi baiskeli wa Ndundu. Ukurasa wa tisa ulikuwa na jina la mtu mkubwa. Mwanawetu aliusoma akiwa amesimama, akakitia kitabu chini ya kaunta, bila kadi. Alijiambia ataiandika wiki ijayo. Siku ya nane alipokitoa, kurasa zote zilikuwa nyeupe. Mama yake Abdulrazaq alipofika kuuliza kama mwanawe ameacha lolote, Mwanawetu alimkabidhi. Mama alifungua, akapitisha kidole kwenye kila ukurasa kama anayetafuta mwiba, akasema asante, akaondoka nacho.

Kwa hiyo mwezi huo kilipokuja cha Salima, marehemu wa visiwani, Mwanawetu alikibandikia kadi kabla hajakifungua. Hakuwahi kufanya hivyo kwa kitabu chochote. Kadi ilisema tu: "Kisomwe."

Alhamisi akaja mama mmoja mrefu, amejifunga kanga mbili, miguu bado ina tope la bandari ya Nyamisati.

"Hodi humu."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mie Tabu, mama yake Salima wa visiwani. Nimeambiwa mwanangu yupo mezani kwako."

"Yupo. Kaa hapo kwenye benchi."

"Kusoma sijui. Nisomee wewe."

"Nianzie wapi?"

"Pale anaponisema. Hawezi kuandika kitabu kizima asiniseme, namjua."

Mwanawetu alitafuta, akapata ukurasa wa nne. "Mama huunguza samaki," alisoma, "halafu huwagombeza samaki."

"Muongo huyu!" Bi Tabu akapiga paja. "Tangu mdogo muongo. Endelea."

Kurasa thelathini za mwanzo zilikuwa za shamba la mpunga, za wifi anayekoroma, na za mume aliyekwenda Mafia kuvua akarudi na redio badala ya pesa. Bi Tabu alicheka, akabisha, akamsahihisha marehemu jina la mbuzi. Mwanawetu alipofika ukurasa wa thelathini na tatu alipunguza mwendo, kwa sababu yeye naye alikuwa hajaufikia.

"Uchungu ulinianza Jumatatu saa moja asubuhi. Wifi alikimbilia pwani kutafuta boti ya wagonjwa. Boti haikuwepo. Ilikuwa imepakia boriti za Bwana Mrisho. Wakanitia kwenye mtumbwi. Maji yalikuwa yanakupwa, mkono wa mto ukatukaukia mbele, tukakaa juu ya tope saa tatu kungoja yajae. Nilitazama kaa wakiingia na kutoka mashimoni mwao. Mtumbwi ulifika Nyamisati alasiri, na mie nilikuwa nimeshafika kwingine. Njiani boti yetu ilitupita ikirudi, tupu, mbio. Mtoto alikuwa wa kike, naye tulifika pamoja. Nilimwita Tabu."

Nje mpiga debe aliita abiria wa Ikwiriri.

"Rudia hapo mwisho," Bi Tabu alisema.

Mwanawetu alirudia. Alirudia mara tano, kisha Bi Tabu akakunja kanga yake, akasema atakuja Alhamisi nyingine.

Alikuja kila Alhamisi. Wengine kutoka visiwani walianza kupitia dukani wakija Kibiti kwa shughuli zao, wakanunua nakala, wakaifunga kwenye mfuko wa nailoni isiloe. Hakuna aliyeshangaa kwamba Salima ameandika. Waliosoma naye walisema alikuwa na mwandiko mzuri hata darasa la tano. Walichonong'ona ni ule ukurasa wa thelathini na tatu, nao walinong'ona wakitazama pembeni.

Wiki ya tatu akaja Bwana Mrisho mwenyewe, mwenyekiti wa kamati ya boti ya wagonjwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia ya vito iliyoshonwa vizuri. Mchele wa hitima ya Salima aliutoa yeye.

"Dada Mwanawetu, mie sikatai," alisema. "Boriti zilikuwa zangu. Boti ikikaa bure injini inakufa, kila mtu anajua. Lakini ndiyo mtu kuandikwa kitabuni? Nina binti wa kuoza mwakani."

"Mwandishi ndiye aliyeandika, kaka. Mie nimebandika kadi."

"Basi niuzie zote."

Alinunua nakala zote tano. Asubuhi zilikuwa tano. Alizinunua tena. Siku ya tatu alipozikuta tano, alivua kofia, akajikuna, akasema karatasi siku hizi inapotezwa sana, akaelekea ofisi za halmashauri kulalamika.

Ofisa aliyepokea malalamiko aliitwa Tamimu. Alimkaribisha Mwanawetu kwenye kiti chenye mto, akafungua jalada.

"Kitabu hiki kimesajiliwa?"

"Hapana."

"Mwandishi anaweza kufika hapa?"

"Mwandishi amekufa."

"Hilo limo kwenye jalada. Nimeuliza kama anaweza kufika."

"Hawezi."

Tamimu aliandika. "Shida ndiyo hiyo, dada yangu. Mimi sipingi marehemu kutunga. Marehemu wengi wana vipaji. Lakini anapotoa maoni kuhusu chombo cha umma, lazima ajaze fomu akiwa hai." Alifunga kalamu. "Boti ile ina kamati. Kamati imekaa, imejichunguza, imejikuta haina kosa. Tumalize kistaarabu. Ubandue kadi. Halafu Jumamosi uende kisiwani, mbele ya mkutano wa kijiji, umwombe radhi mwenyekiti. Maneno nimeshakuandikia. Ukikataa, leseni ya duka tunaitazama upya."

"Kutazama upya ni kufunga?"

"Ni kutazama kwa muda mrefu."

Alhamisi hiyo Mwanawetu alimweleza Bi Tabu yote, bila kupunguza. Bi Tabu alisikiliza huku akikisugua kitabu kwa ncha ya kanga.

"Kadi ukiibandua inakuwaje?"

"Kinafutika. Siku nane tu."

"Na zile walizonunua watu?"

"Nazo. Ni kitabu kimoja."

"Hata pale anaponisema samaki?"

"Hata pale, mama."

Bi Tabu alikilaza kitabu mapajani. "Picha yake sina. Ilikuwa kwenye simu, na simu ilidondoka topeni siku ileile." Alirudisha kitabu mezani, akakinyoosha kilingane na kadi. "Lakini duka ndilo sahani yako, mwanangu. Mie siwezi kukwambia uivunje. Nisomee leo taratibu tu."

Mwanawetu alisoma taratibu. Alisoma mpaka abiria wa basi la mwisho la mchana wakaondoka, na Bi Tabu hakubisha hata jina la mbuzi.

Jumamosi asubuhi alifunga duka, akaiacha meza ndani na kadi zake zote nne, akapanda boti ya abiria Nyamisati. Mkutano ulifanyika kwenye banda la mnada wa samaki, mita chache kutoka maji. Mabenchi yalijaa. Bi Tabu alikaa nyuma, karibu na mizani. Mstari wa pili alikaa mwanamke mwenye mimba kubwa, Kijakazi, akijipepea kwa upande wa kanga. Mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa, na nyuma ya meza walikaa Tamimu, Bwana Mrisho na wazee wawili wa kamati.

Boti ya wagonjwa ilikuwa imefungwa hapo karibu, maandishi yake mekundu ubavuni yakisomeka vizuri. Vijana wawili walikuwa wakiipakia boriti. Kila boriti ilipoangukia nyingine ilitoa mlio, na wasemaji walingoja mlio upite ndipo waendelee. Mara moja Bwana Mrisho aliinua mkono kutoka mezani, akawaonyesha vijana wazifunge upande wa nyuma, zisilemee mbele. Wakazifunga. Tamimu akamshukuru kwa subira yake. Boti ikawashwa, ikazunguka, ikaondoka na mzigo wake kufuata mkono wa mto, na watu wote banda zima walikuwa wakitazama miguu yao, isipokuwa Kijakazi, aliyeitazama mpaka ilipopinda nyuma ya mikoko.

"Sasa tumkaribishe dada yetu kutoka Kibiti," alisema Tamimu. "Ana maneno machache."

Mwanawetu alisimama. Mkononi alikuwa na karatasi aliyoandikiwa. Aliikunjua, akaipitia tena yote, kama alivyozoea kupitia kila kitu kabla ya kukisemea neno mbele za watu.

"Karatasi nimeisoma," alisema. "Imeandikwa vizuri, na nukta zimekaa mahali pake. Siwezi kuipendekeza." Akaiweka juu ya kitambaa cha meza.

Mzee mmoja wa kamati alikohoa. "Binti, hakuna anayekutaka ujidhalilishe. Neno moja tu la radhi, watu waende wakale."

"Siombi radhi."

"Hujui maisha ya huku," alisema Bwana Mrisho, bila hasira. "Wewe utarudi Kibiti. Sisi na Bi Tabu tunabaki, tunazikana."

"Najua, kaka."

"Basi japo kwa heshima ya wazee hawa."

"Wazee nawaheshimu. Siombi."

Tamimu aliinama upande wake, akashusha sauti kama mtu anayemsaidia jamaa yake. "Duka linakwenda, dada. Fikiri. Kwa heshima ya marehemu basi, apumzike."

"Marehemu nimemsoma mpaka mwisho," Mwanawetu alisema. "Siombi radhi."