Makunyanzi ya Awowe Abdow

Mzee Abdow wa Garissa alikuwa na ngamia wa kutosha, meno ya kutosha, lakini mke hakuwa naye. Alifiwa miaka sita iliyopita, na kula peke yake kulikuwa kumemchosha. Huko Takaba alikuwako mjane, Rahmo, waliyechunga naye mbuzi utotoni. Mzee akapeleka posa. Rahmo akajibu: "Sijakuona miaka arobaini. Nitumie sura yako kwanza."

Simu ya Rahmo ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, haipokei picha. Na ile picha ya kitambulisho? "Pale nimetoka kama mwizi wa mbuzi!" mzee akafoka. Basi akamwendea mjukuu wake Ilhan, mchoraji wa sura za watu, akaketi mkekani kama anayesubiri sindano.

Ilhan alimwombea babu yake, Awowe kama alivyomwita, harusi hiyo kila swala. Akaanza kwa penseli nyepesi, akaja na nzito kwenye vivuli vya macho. Kisha akatoa pasteli, zile chaki laini za rangi, akazipaka na kuzisugua kwa kidole mpaka ndevu za mzee, mvi zilizopakwa hina, zikawaka.

Mzee akainuka kuchungulia. "Haya ni nini?"

"Makunyanzi, Awowe."

"Futa."

"Lakini ni yako!"

"Ndiyo maana nakwambia ufute. Na hilo kovu nalo. Ndevu ziache, ndevu zimependeza."

Ubishi wa mzee wa ngamia utauweza wapi? Ilhan akafuta, roho ikimuuma. Awowe akicheka, uso wote hukimbilia kwenye kona za macho. Sasa kona zenyewe hazikuwapo. Kilichobaki kilikuwa kijana mtanashati ambaye Ilhan hakumjua. Akapuliza dawa ya nywele ili rangi zisipukutike, mchoro ukapanda basi la Takaba.

Siku ya nne Rahmo akapiga. Mzee, kwa majivuno, akaweka sauti ya juu watu wote wasikie.

"Abdow, mchoro umefika. Mashallah, kijana mzuri! Mjukuu wako?"

Mzee akakohoa.

"Ila nimeshangaa, shavu laini hivi na ndevu za hina! Mtoto huyu ameota mvi lini, masikini? Mpelekeni hospitali."

Ilhan akajiziba mdomo kwa shela, machozi ya kicheko yakimtoka. Mficha uchi hazai, na huyu alikuwa ameficha kila kitu akasahau ndevu.

"Na wewe uko wapi, Abdow?" Rahmo akaendelea, sauti imelainika. "Nilikuomba wewe. Mimi hapa nimejaa makunyanzi, nitakaa vipi na mtu asiye nayo?"

Simu ikakatika. Mzee akaurudia mkeka. Halafu akaketi palepale alipoketi siku ile.

"Lete penseli," akasema. "Ile nyeusi kuliko zote."

"Nianzie wapi, Awowe?"

Mzee akajaribu kununa, akashindwa, akacheka kwa uso mzima. Ilhan hakumwambia atulie. Akaanzia hapo hapo, kwenye kona ya jicho.