Nani Kaziba Ufa?

Mdogo wangu alikuwa na lake jambo. Nilishamwambia mke wangu, naye akanijibu, "Acha hizo, mume wangu," kisha akageukia vyombo na kuviosha harakaharaka. Hapo nikajua na yeye yumo.

Karakana ni yetu sote wawili, tumerithi kwa baba, lakini mashine ya kukereza, ile inayozungusha mti uchongwe, naishika mimi. Mabakuli yanatoka mikononi mwangu. Yeye anapasua magogo, anapiga msasa, anauza, na tumeishi hivyo mpaka tumeota mvi. Watu wanamwita Kimya, maana neno kwake halitoki mpaka alibembeleze. Sasa mtu wa namna hiyo, siku hizi kila nikiwasha mashine, huyo, anakuja kusimama ubavuni mwa swichi. Unafanya nini hapo? "Napumzika tu, kaka." Apumzike penye kelele, maranda yanamrukia usoni! Halafu anaanza: "Leo niachie mimi nikereze, kaka." Thubutu! Nikikuachia mashine, mimi nibaki nani? Nikae nyumbani nifukuze nzi?

Na kulikuwa na lile bakuli la juu ya mlango. Limekerezwa nusu, halijaguswa msasa, limekaa tu linakula vumbi. Nikimuuliza la nani, ananijibu, "La hapahapa." Haliuzi, halimalizi. Nikasema moyoni, huyu anajifunza kazi yangu nikitoka kwenda kula. Ananichimba taratibu.

Basi leo asubuhi nikachukua gogo nililolipangia bakuli kubwa. Mimi sifungi gogo kwenye mashine kabla ya kuligonga kwa kidole na kulisikiliza. Zima linaitika, lenye ufa linanuna. Hili likanuna. Nikalipeleka dirishani, nikalipapasa, na kweli, kulikuwa na ufa kuanzia kwenye kiini mpaka pembeni. Umezibwa kwa gundi na unga wa mbao, ukapigwa msasa mpaka ukalainika. Ungeupita hivihivi usiuone.

Gogo lenye ufa nalikereza, sikatai. Lakini niambie, nilifunge kamba, niiendeshe mashine polepole. Ukinifichia, nikaiachia mbio, linapasuka na kipande kinakuja usoni. Baba yetu alikufa na jicho moja. Lile jingine lilichukuliwa na bakuli la namna hiyohiyo, na Kimya alikuwepo, aliona kwa macho yake.

Nikamgeuzia Kimya lile gogo kwa hasira. "Nani kaziba ufa huu?"

Akalitazama gogo. Akatupa jicho juu ya mlango, kwenye lile bakuli lake, kisha akaangalia chini kama mtu aliyekamatwa.

"Kaka, hilo gogo tuliache."

"Nimeuliza nani!"

"Kaa kwanza, kaka."

"Sikai! Unataka nitoke jicho kama baba ndiyo mashine ibaki yako? Si useme tu! Na huyo shemeji yako mnayenong'ona naye mlangoni, mwambie mimi si mjinga, nawaona!"

Machozi yakamlenga. Machozi ya mamba hayo, nikajisemea, na nikazidi kuwaka.

"Sawa," nikamwambia. "Nalikereza hilihili. Kila fundi ana gundi yake. Patasi ikifika kwenye ufa tutajua ni ya nani."

Nikalizungushia kamba upande wa kwenye mashine, nikaacha wazi upande wa kuchongwa, nikaiweka mashine kwenye mwendo wa chini kabisa. Kimya akaja kusimama kwenye swichi yake. Nikasema simama vizuri, uaibike vizuri. Maranda yakaanza kutoka, marefu, meupe. Patasi ikafika kwenye ufa, ikakwaruza, ile gundi ikapata moto.

Ikanuka kahawa.

Nikazima mwenyewe. Nikakwangua kwa ukucha, nikaona chembe nyeusi nyeusi ndani ya gundi. Jamani, kahawa kwenye gundi natia mimi tu. Nachukua machicha yanayobaki chini ya kikombe, nakoroga, kiraka kinatoka cheusi kama mshipa wa mti wenyewe. Ni siri yangu. Sijamfundisha mtu, hata Kimya, na nikichanganya huwa namgeuzia mgongo.

"Lini?" nikamuuliza.

"Juzi, kaka. Ulikaa palepale kwenye kigoda. Nikakuomba tulitupe hilo gogo, ukanifokea."

Nikaitafuta juzi kichwani. Nikakitafuta kigoda, gundi, kufoka kwangu. Hakuna kitu. Nilikuta peupe kabisa, na niliogopa. Sijawahi kuogopa vile, hata siku ile baba anapiga kelele ameshika uso.

"Na mama watoto anajua?"

"Anajua. Ndiye aliyeniambia nisibanduke kwenye swichi."

Nikakaa. Nilimtazama mdogo wangu, mvi zake zimejaa unga wa mbao, nikakumbuka nilivyomwambia anataka nitoke jicho, dakika chache nyuma. Hilo nililikumbuka vizuri sana. Nikataka kumwomba radhi. Badala yake likanijia wazo, na niliona ni wazo zuri, la kifundi hasa, mpaka nikatabasamu kidogo.

"Sikiliza," nikamwambia. "Bakuli hili usiliuze. Liache nusu hivihivi, liweke mahali karibu. Siku nikianza tena kukushuku, usibishane na mimi. Nipe tu nilinuse."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akaenda mlangoni, akanyoosha mkono juu, akalishusha lile bakuli la siku zote. Akalifuta vumbi kwa mkono wa shati, taratibu, akaja akaniwekea mapajani.

"Hata hili ulisema nikupe, kaka," akaniambia. "Kila siku nashindwa."

Nikaliinamia, nikanusa. Kahawa.