Kura ya Bi Mahfudha

...na mimi nikacheka, tena nilicheka kabla Sheikh Ghanim hajamaliza kucheka, birika la kahawa mkononi mwangu, meno yote nje, mgombea wa Majlisi ya Shura wa wilaya ya Nizwa anamcheka mama yake sebuleni, siku ya uchaguzi, mbele ya wageni, na mama kasema nini, kasema qur'a, basi, alitaka kuwaambia kwa Kiarabu wasiidharau hata kura moja, akatafuta neno akalikuta lilelile letu, na kwa hawa qur'a ni ile ya kugawia zamu za maji ya falaji, mfereji wa mashambani, kura yenyewe wanaiita sauti, hilo tu, kosa la kila aliyerudi kutoka Zanzibar... Mama, leo tunagawa maji au tunachagua mtu, akauliza Ghanim, kwa upole, hakuwa na nia mbaya, ubaya nimeutia mimi, nikamwambia msamehe, mtu mzima huyu, Kiarabu hakijui... hakijui, yeye aliyenisomesha juzuu ya Amma kabla sijaingia skuli... na nimesema kwa sababu ya mlima, tangu Jabal Akhdar ikatwe kutoka Nizwa ikawa wilaya peke yake, wajomba zangu wote wa kule juu wanachagua mtu wao, mpaka umehama na watu wangu, nimebakiwa na ukoo wa Ghanim, na wao wanamtaka mtu wa Nizwa hasa, hawataki Mzanzibari, basi nikawaonyesha kwamba mimi si mwenzake huyu bibi, nimemuuza mama kwa kicheko, naona haya, naona haya mpaka masikio yanawaka... Ghanim anazungumza habari ya barabara, naitika naam, naam, sisikii, namwona mama tu ameinamia sahani anazipanga tende ambazo hakuna aliyezipangua, na hata hakumaliza, mimi sikumwacha amalize, hadithi yake ilikuwa inakwenda Chake Chake, mwaka wa sitini na moja, jimbo zima lilichukuliwa kwa kura moja, na bibi, mama yake, alikuwa keshaandikishwa asende, mumewe alimwambia wewe hujui kusoma, utakwenda kuchekwa... kuchekwa, yarabi, na huyu bintiye hakuogopa, kaogopeshwa leo, na mwanawe... anainuka, anakuja, wageni wanampisha, ananipa simu yake, kura za leo zinapigwa humo.

"Zakariya," kwa Kiswahili, polepole, hana hasira, laiti angekuwa nayo, "nipigie weye hiyo kura, mwanangu. Mie Kiarabu sikijui." Hawakufahamu, Ghanim anatabasamu, labda anadhani naombewa dua, na simu ina joto la mkono wake, inataka kwanza picha ya uso wa mwenye kura ndipo ifungue majina ya wagombea, na mama ameshauinua uso, ameuweka sawa mtandio, anangoja, na mimi siwezi kuinyanyua, nikiinyanyua itabidi nimtazame, kura za ukoo mzima wa Ghanim ningezirudisha sasa hivi kama dakika ile ingerudi... simu inasema kwa Kiarabu, tazama mbele, na mama anatazama mbele kabla sijamfasiria, ninayetazama zulia ni mimi, na kama ningekuwa na uso wa kumshauri leo ningemwambia, mama, kura yako mpe mtu mwingine.