Kona Isiyolimwa

Bei ya nyumba ile ilikuwa chini mno, na hapo ndipo taabu ya Leonida ilipoanzia. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akanyamaza. Lakini Leonida alikuwa ameuza chai na chapati kando ya foleni ya malori ya mpakani Malaba kwa muda wa kutosha kujua kwamba dereva asiyeuliza bei huenda ana noti bandia mfukoni. Rahisi ghali, alizoea kusema, na alisema hivyo hata akinunua nyanya.

Nyumba yenyewe ilikuwa Kwa Pamba, mtaa ulio nyuma ya reli, uliojengewa wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba enzi ambazo mji ulikuwa na kazi. Kiwanda kilikufa zamani. Kilichobaki ni ghala lisilo na paa, bomba la moshi linalokaliwa na makorongo, na safu ya nyumba za matofali mekundu ambazo wafanyakazi waliuziwa siku ya kufungwa. Kuta zilikuwa nene, madirisha ya chuma, na ukigonga dari, nyuzi za pamba ya zamani bado zilidondoka kichwani. Wazee wa pale wangali wakisema "king'ora cha kwanza" wakimaanisha alfajiri, ingawa king'ora chenyewe kiliuzwa kwa watu wa vyuma vikuukuu.

Leonida aliipenda nyumba hiyo mpaka akaona haya. Kwa mume alishatoka, na kwao Budalang'i hapakuwa na pa kurudi. Mto Nzoia ukifurika unaingia jikoni bila kubisha hodi, na hata ukitulia, ndugu zake hawaachi kumkumbusha kwamba binti aliyeolewa ni mgeni. Mwanamke wa namna yake akifa huzikwa pembeni kabisa, karibu na ua, kama mtu aliyeomba lifti. Alitaka mlango ambao hakuna binadamu angesimama mbele yake amwambie ondoka. Akiba yake yote ilikuwa ikiungoja mlango huo, na kama angekosea, hakuwa tena na umri wa kuanza upya.

Mwenye nyumba aliitwa Apolot, bibi wa Kiteso, mjane, mpole kiasi cha kutia shaka. Alikuwa anahamia kwa binti yake aliyefanya kazi hospitalini Nangina. Siku ya kwanza alimtembeza Leonida chumba kwa chumba, akampa chai na njugu za kuchemsha, halafu akamwambia kwamba watu wa malori walikuwa wamempa bei mara mbili, naye amekataa.

"Wanataka kubomoa wafanye yadi," alisema. "Mimi nataka mtu atalala hapa."

Leonida alitafuna njugu polepole. Nani, katika Malaba hii, anakataa bei mara mbili?

"Kuna kitu moja tu, mama," Apolot akaendelea. "Hapo kwa kona, nyuma ya jikoni, usilime. Usichimbe choo. Uache tu vile iko."

Walitoka nje kupaangalia. Palikuwa mahali pa ukubwa wa kitanda, pamefagiliwa, pamezungushiwa matofali ya kiwanda, bila hata unyasi mmoja. Mtu aliyezaliwa upande huu wa nchi hahitaji kuelezwa kaburi likoje.

"Nani amelala hapa?"

"Hakuna mtu hapo," Apolot alijibu. Alimtazama Leonida machoni akisema hivyo, kisha akainama kuokota jani.

Jioni Leonida alimpigia simu kaka yake Oduori, mtu ambaye hajawahi kupewa habari njema akaacha kuitafutia kasoro. Safari hii maneno yake yalimwingia. "Kaburi ni title, dada. Wewe maliza kulipa, utaona vijana wamevuka mpaka kutoka Tororo, wamevaa makoti, waseme baba yao amelala hapo, hiyo plot haiuzwi. Utaenda wapi? Hakuna mtu anabishana na kaburi."

Leonida alikwenda kwenye ofisi ya ardhi, akaambiwa hati ni safi, haina deni wala kesi. Hilo halikumtuliza hata kidogo, maana tapeli mzuri ndiye huanza na karatasi safi. Akamwendea jirani, Kassim, mwuza nafaka ambaye baba yake naye alifanya kazi kiwandani. Alimkuta akipima maharagwe, akamuuliza waziwazi kuna nini nyuma ya jikoni kwa Mama Apolot.

"Dada, hiyo ya Mama Apolot, muulize Mama Apolot," alisema Kassim, na akaendelea kupima. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Idi.

Lisemwalo lipo, na lisilosemwa je? Leonida alirudi kwa Apolot na swali lake akiwa amelifunika vizuri kwa heshima. Alimuuliza kuhusu marehemu mumewe, Ochom, aliyekuwa fundi wa mashine.

"Kiwanda ilipofungwa alienda Jinja," Apolot alisema. "Huko bado kulikuwa na viwanda. Alisema akipata kazi atatuma mtu."

"Pole, mama. Na alizikwa huko?"

"Tulimzika," alisema Apolot, akanyanyuka kwenda kuangalia moto. Hakusema wapi.

Basi, hakuna mtu pale, lakini tulimzika. Leonida alitembea kurudi kibandani mwake akiyageuza maneno hayo mawili, na kila alivyoyageuza, hayakukaa chungu kimoja. Alimkasirikia yule bibi. Alimkasirikia kwa upole wake, kwa njugu zake, na zaidi kwa kuwa alitamani sana kumwamini.

Jumapili Apolot alikwenda kanisani, na kwa hiari yake akamwachia Leonida ufunguo ili apime madirisha ya kutia mapazia. Leonida alipima dirisha moja. Kisha akachukua jembe lililoegemezwa jikoni, akaenda kwenye kona.

Udongo ulikuwa laini, haukumkatalia. Alichimba akisikiliza njia, akijiambia kwamba akiona mfupa mmoja tu atafukia na kuondoka, na akiba yake itakuwa salama. Alikutana na kamba ya katani iliyooza. Akakutana na kipande cha ovaroli ya bluu chenye vifungo vya shaba. Ndani ya ovaroli hiyo mlikuwa na udongo mweusi, mwepesi, unaosagika kama mboji. Alipiga magoti akapekua kwa mikono yote miwili, mpaka chini kwenye udongo mgumu usiowahi kuguswa. Hapakuwa na jino, hapakuwa na ukucha.

Alicheka peke yake. Akafukia, akarudisha matofali, akafagia, akaingia ndani akasimama katikati ya chumba cha kulala na kuchagua kitanda kitakaa upande gani. Ilikuwa furaha kubwa kuliko zote alizopata tangu aachane na mume. Nyumba haikuwa na maiti, bibi hakuwa mwongo, na yeye alikuwa na kwake.

Apolot aliporudi, Biblia kwapani, alipitia nyuma kuchukua kuni. Hakurudi. Leonida akamfuata, akamkuta amesimama akiutazama udongo, ambao ulikuwa umefagiliwa vizuri lakini ulikuwa na rangi mbichi. Angeweza kusingizia mbwa. Lakini furaha ilikuwa imemjaa mno hata asisingizie chochote.

"Mama, unisamehe, nilikuwa na wasiwasi," alisema. "Nimechimba. Ulisema ukweli, hakuna mtu. Kesho twende kwa wakili tumalize."

Apolot alikaa chini juu ya matofali.

"Nilikuambia hakuna mtu."

"Ndiyo, mama."

"Ochom hakurudi. Tulimtafuta Jinja, tukamtafuta Tororo, mochari zote. Miaka ikaenda. Wazee wakasema mtu hangojwi milele, mke wake naye ni mtu. Wakakata mgomba, wakauvalisha ovaroli yake ya kiwanda, wakaufunga na kamba, tukalia, tukazika hapo. Siku hiyo ndiyo nilinyoa nywele. Siku hiyo ndiyo niliitwa mjane."

Leonida hakuhitaji kufundishwa desturi hiyo na Mteso. Kwao pia, Nzoia ikimmeza mtu na kuwanyima watu wake hata mfupa, mgomba hukatwa na kuzikwa kwa jina lake, na yeye mwenyewe alikuwa amelia machozi ya kweli kwenye mazishi ya namna hiyo. Kamba ile aliishika kwa vidole vyake. Lakini alikuwa anatafuta uongo, na mtafuta uongo haoni kingine hata akikikanyaga.

"Tutamzika tena, mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Nitaleta mgomba mimi mwenyewe. Nitaita watu, nitapika."

"Wale wazee wameisha. Na mimi nitamlilia aje tena?" Apolot alipitisha kiganja juu ya udongo, akausawazisha palipoinuka. "Nilikuwa najua hakuna mtu. Lakini nilikuwa sijaona."

Alinyoosha mkono. Leonida alichelewa kuelewa kwamba alikuwa anadai ufunguo.

"Mama, tafadhali. Hii nyumba ndiyo nilikuwa natafuta maisha yangu yote. Wewe si unaenda Nangina?"

"Siendi tena. Ochom akikuja atapata nani?"

Leonida alimpa ufunguo. Ulikuwa na udongo, na Apolot aliupangusa kwa leso kabla ya kuufunga kwenye ncha yake. Hakupaza sauti, hakumlaani, na Leonida angetoa chochote ili alaaniwe, kwa sababu laana angeijibu.

"Ukitoka, rudisha tu mlango wa ua," Apolot alimwambia, kwa upole uleule. "Usitie komeo."