Dhahabu ya Kinyumenyume

Naserian alikuwa amechoka kukimbizwa. Tangu arudi nyumbani Septemba ya 2004 na medali ya dhahabu ya Olimpiki, mwalimu mkuu mmoja wa Kitengela alikuwa ameshamwomba azunguke uwanja na watoto, mara mbili tu, awape moyo. Kamati ya mapokezi kule Kajiado nayo ilichapisha fulana zenye picha ya mtu anayetimua mbio. Alipowaeleza kwamba yeye hupiga makasia, kwamba huketi kwenye mashua nyembamba akaivuta majini, mwenyekiti alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa kabisa, kisha akauliza ni mita ngapi. Elfu mbili, akajibu kwa ujinga wake, kwa sababu ni kweli. Mwenyekiti akaenda zake kutafuta saa ya kupimia mbio.

Na mbio zilimshinda zamani. Mwaka 1996 alipelekwa chuo cha ng'ambo kwa ufadhili wa riadha, akawa wa mwisho hadi waandaaji wakachoka kumsubiri. Kocha wa makasia ndiye aliyeuona urefu wake na ule mgongo uliobeba madumu ya maji utoto mzima, akamketisha kwenye mashua. Siku ya kwanza alipinduka mara tano. Ikafuata miaka minane ya kuamka alfajiri na viganja kuchunika.

Hayo yote angeyameza. Kilichomkaba ni baba yake. Alipomwinamishia kichwa, mzee Kasaine alimgusa utosini kama desturi, akauliza miguu inaendeleaje. Jirani aliyetazama televisheni alikuwa amemwambia kwamba bintiye alionekana akienda kinyumenyume, na mzee akaona aibu. Wageni wakija boma lao la Mashuuru aliwaambia msichana anapumzika, kisha akaongea habari za ng'ombe. Naserian alikuwa na siku tatu kabla ya kurudi ng'ambo, na hakutaka kingine ila baba yake aone alichokifanya.

Basi akampeleka Isinya, kwenye chumba cha video cha Muteti, na kanda ya shindano lake mkononi. Kila aliyeingia aliuliza watu wanaanza kukimbia saa ngapi. Naserian alijibu wa kwanza, akajibu wa pili, wa tatu akamtazama tu.

Muteti akaiweka kanda, na kwenye skrini mashua sita zikaondoka. Kasaine aliegemea fimbo yake hadi ile kanda ikaisha.

"Kwa nini unaangalia mahali umetoka?" akauliza.

Naserian alivuta pumzi. Swali hilo ameulizwa na nusu ya wilaya. Akaeleza tena, kwa sauti ya mtu anayekaribia kulia, kwamba ndivyo mashua hiyo inavyovutwa, kwamba wote huketi hivyo, na kwamba hakuna mtu aliyekuwa akirudi nyuma.

"Hao watano, ulikuwa unawaona?"

"Wote, papa. Walikuwa nyuma, nawaona mmoja mmoja."

"Na wao?"

"Hawanioni. Wamenipa mgongo."

Mzee alikwaruza sakafu kwa ncha ya fimbo.

"Kwa hivyo umewashinda na hakuna hata mmoja ameona," akasema. "Hata mimi nilikuwa nimekupa mgongo. Mwambie Muteti arudishe."

Naserian alijifuta macho kwa kiganja chake kigumu, akamwambia. Kanda ikaanza kurudi ikilialia. Hapo akaingia mwanamume mmoja mwenye gunia la chakula cha kuku, akatazama yale maji kwenye skrini, akauliza wanariadha wako wapi. Naserian akafungua kinywa, amechoka kabla hata ya kusema.

Kasaine akamtangulia.

"Hii si ya kukimbia," akamwambia yule mtu, akisogea kumpa nafasi kwenye benchi. "Kaa hapa uangalie. Huyo wa mbele ni wangu."