Picha Iliyofanana na Kwetu

Serikali iliporuhusu biashara huria, Hashimu aliweka televisheni, deki na jenereta nyuma ya duka lake pale Dutwa. Alianza na picha za Kimarekani. Magari yalipaa, majumba yakalipuka, wafu wakatoka makaburini kula watu. Watazamaji walicheka mpaka machozi. "Mambo ya Wazungu hayo," walisema, wakaenda zao kulala.

Kisha akaleta picha za Kinaijeria. Wilhelmina, mke wa Luhende, alikwenda kuona ya kwanza Jumapili baada ya misa. Nyumba ilikuwa ya bati kama yao, kuku wakidonoa uani. Bibi mwenye macho mekundu alimshika mjukuu wake kichwani, mtoto akafa. Hakuna aliyecheka.

"Wamarekani wanatunga," alisema Bundala, jirani yake, walipokuwa wakitoka. "Hawa wanaonyesha yaliyopo."

Wilhelmina aliharakisha kwenda nyumbani. Mama mkwe wake, Ng'washi, alikuwa amepikia samadi kavu maisha yake yote, na moshi ulikuwa umemwachia macho mekundu. Vikongwe walikuwa wamekatwa mapanga, wakiitwa wachawi, kwa macho kama hayo tu.

Wiki hiyo hiyo ndama wa Bundala wakafa. Alikuwa amezoea kumwamkia Ng'washi kila asubuhi, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama. Sasa akapita kimya, kama hakuna mtu.

Wilhelmina akamfuata Hashimu dukani. "Kaka, rudisha zile za Kimarekani. Nakuomba."

"Hawazitaki tena, dada. Wanasema ni za uongo."

"Na hizi?"

Hashimu akaanza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Wilhelmina aliporudi nyumbani alimkuta Ng'washi amekaa mkekani, mkono wake juu ya kichwa cha mjukuu, akimtoa chawa. Kabla hajafikiri lolote, Wilhelmina alimnyakua mtoto kwa nguvu hata akalia.

Ng'washi alimtazama. "Hata wewe, mwanangu?"

Wilhelmina alitaka kusema hapana. Alipiga magoti, akamrudisha mtoto mapajani mwa bibi yake, na mwanamke yule mzee akaendelea na kazi yake.

Luhende aliporudi kutoka kwenye pamba, mkewe alimweleza yote. Asubuhi walipanda basi wote wanne kwenda Kalemela, kando ya ziwa, kwa dada yake Luhende. Ng'washi alibaki huko. Alilia kidogo, akasema samaki wa huku watamfaa.

Waliporudi Dutwa walikuta mlango wa chumba cha Ng'washi umevunjwa. Godoro lilikuwa limekatwakatwa kwa panga, sufi imetapakaa mpaka uani.

Bundala alikuja kuwapa pole. Alisimama mlangoni akiangalia ndani.

"Na mayu? Mmempeleka wapi?"

Wilhelmina alimvuta mtoto ndani, akafunga komeo la mlango wa mbele, ingawa jua lilikuwa bado liko juu.